Bodingi, tuisheni, kuhamisha shule ama kupimwa kwanza: mtoto asiyetulia darasani tumfanyie nini

Ripoti ikija imejaa AE na BE, zile herufi za alama za chini, muhula baada ya muhula, na mwalimu ameandika pale chini kwamba mtoto angefanya vizuri kama angekuwa makini, wazazi wengi wa hapa Kisumu tunakimbilia kitu kimoja kati ya vinne. Kuna kumpeleka bodingi, kuna kumtafutia mwalimu wa tuisheni, kuna kumhamisha shule, na kuna kumpeleka apimwe ijulikane shida iko wapi. Hii ya kupimwa ndio watu hufikiria mwisho kabisa na mimi naona ingekuwa ya kwanza, nitaeleza ni kwa nini, lakini sisemi ati hizo zingine hazina kazi, ziko na kazi, ni vile tu kila moja inasaidia mtoto wa aina yake na sisi tunachagua kulingana na mfuko ama na venye jirani alifanya.

Mimi nashona sare huku Kibuye kwa hivyo hizi hamahama za watoto zinapita kwa cherehani yangu. Mtoto leo anashonewa kijani ya shule fulani, mwaka unaofuata ni maruni ya shule ingine, na mama yake ananiambia shona kubwa kidogo fundi, hapa sasa atakaa. Hakai.

Kwanza tutulie kuhusu hizo herufi. AE ni anakaribia matarajio, BE ni yuko chini ya matarajio, na sisi watu wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 tukiziona tunasoma D na E mtu anaanza kutetemeka. Mtoto wa Gredi 4 bado ako na muda. Hata ule mtihani wa Gredi 6, KPSEA, ulioanza 2022, haumzuii mtu kuingia Gredi 7, wote wanavuka. Mambo yanakuwa mazito Gredi 9 kwa mtihani wa KJSEA, ambayo watoto wa kwanza waliifanya 2025, na hapo alama za kumpangia sekondari ya juu zinatoka mahali tatu: KPSEA asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20, KJSEA yenyewe 60. Sasa kama wako ako Gredi 3 na kusoma sentensi moja ni vita, usikimbizane na maksi, kimbizana na kusoma. Na ile ya "wacha tu arudie darasa" siiweki hata kwa hesabu juu sheria ya elimu ya msingi ya 2013 inasema mtoto asirudishwe nyuma.

Tuanze na bodingi juu ndio inatajwa sana, hasa na baba za watoto, samahani lakini ni ukweli.

Uzuri wa bodingi uko. Hakuna televisheni, hakuna simu ya mama ya kuchezea gemu, kila kitu kiko na saa yake, kengele ikilia ni kula, ikilia ni prepu, ikilia ni kulala. Na mtoto ambaye akili yake inaruka ruka anasaidika kweli na ratiba isiyobadilika, hiyo hata madaktari wanasema. Nyumbani kwa wengi wetu leo anakula saa moja, kesho saa tatu, stima imepotea, wageni wamekuja, homuweki inafanywa kwa meza ile ile ya kukatia sukuma. Kwa hivyo namwelewa mzazi anayesema bora bodingi.

Lakini angalia upande wa pili vizuri. Mtoto wa shida ya umakini sanasana ni mtoto wa kusahau na kupoteza. Nyumbani akisahau sweta kwa matatu wewe ndio unaumia, bodingi akipoteza sweta, soksi, kijiko na funguo ya sanduku anaumia yeye, anaitwa mzembe mbele ya wenzake, na pengine anachapwa. Viboko vilikatazwa Kenya tangu 2001 na sheria ya 2013 ikarudia, lakini sisi wote tunajua bado vinatembea huko, na mtoto anayetazama dirishani ama asiyemaliza kuandika ndio hupata vingi kuliko yule mtundu wa kawaida. Halafu usingizi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12. Kuna bodingi wanaamshwa saa kumi na nusu alfajiri na wamelala saa tatu ama saa nne usiku, hesabu mwenyewe, hayafiki nane. Sasa mtoto ambaye tayari hamakiniki umemtoa usingizi ndio amakinike?

Na kitu kikubwa zaidi ni kwamba bodingi inakuondolea macho. Wewe mzazi ndio unajua akisoma anaruka mstari, ndio unajua ukimwita akiwa amekupa mgongo hasikii, ndio unajua analala vibaya. Matroni ako na bweni nzima, hawezi jua hayo. Mwisho wa 2022 serikali ilitangaza bodingi za Gredi 1 hadi 9 ziishe, kelele ikawa nyingi mambo yakalegezwa, kwa hivyo uamuzi umebaki kwako mwenyewe.

Bodingi mimi ningeikubali kwa hali chache. Kama nyumbani ndio shida, yaani kuna vita kila jioni, ama mzazi ako peke yake na kazi yake ni ya usiku na mtoto anabaki na yeyote aliyepatikana. Ama kama ni kijana mkubwa wa sekondari ambaye shida yake ishajulikana, yeye mwenyewe anataka kwenda, na mmekaa na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa mkakubaliana nani atampa dawa kama anakunywa, atakaa wapi darasani na nani anapigiwa simu. Ukiuliza hayo maswali na wakuone kama unawasumbua, jibu umepata bila kulipa karo.

Tuisheni ni kitu tofauti kabisa hata kama zote zinaitwa kusaidia mtoto masomo. Bodingi inabadilisha maisha yake yote, tuisheni inabadilisha lisaa limoja. Na hilo lisaa likitumika vizuri linaweza kushinda muhula mzima juu ni mtu mmoja na mtoto mmoja, akipotea anarudishwa hapo hapo, akichoka wanasimama kidogo.

Shida ya tuisheni nyingi za hapa mtaani ni kwamba zinarudia kile kile cha darasani kwa njia ile ile. Mtoto wa Gredi 5 ambaye kusoma kwake kuliachia Gredi 2 ukimlipia mtu amfundishe tena Sayansi ya Gredi 5 umelipa bure, atakariri mawili matatu ya mtihani na shimo liko pale pale. Mwalimu mzuri wa tuisheni siku ya kwanza hafungui kitabu cha gredi yake, anampa aya fupi ya chini, anampa hesabu ya kutoa yenye kukopa, anashuka mpaka afike mahali mtoto anaweza bila kuhangaika, hapo ndio anaanzia kujenga. Mwulize tu, mwalimu utaanzia wapi? Akikujibu "tutamaliza silabasi" tafuta mwingine.

Mwalimu wa darasa lake ama mtu wa nje? Wa darasa lake anamjua mtoto na anajua amekosa nini, hiyo ni faida, lakini kuna walimu ambao ukianza kuwalipa jioni mchana wanalegea, sisemi wote. Mwanafunzi wa ualimu kutoka Maseno ama chuo chochote karibu hapa anaweza kuwa na subira zaidi na bei nafuu, ila semesta ikianza anapotea, na mtoto wa aina hii anaumia sana watu wakibadilika badilika. Ningechagua mtu wa nje anayeweza kukaa mwaka, hata kama hana vyeti vingi.

Saa nayo ina maana. Mtoto ametoka darasani saa tisa na nusu ama saa kumi, amechoka, unamwekea masaa mawili mengine mpaka giza, hapo unamfundisha kuchukia vitabu. Nusu saa ama dakika arobaini inatosha kwa mdogo, Jumamosi asubuhi ni bora kuliko Jumatano jioni. Na zile za shule kukusanya watoto likizo na kuwalipisha, hizo sheria ya 2013 imekataza, faini inaweza kufika shilingi 100,000 ama jela mwaka mmoja, kwa hivyo mtu akikwambia ni lazima mtoto aje likizo usidanganywe.

Kuhamisha shule sitakaa sana hapo. Inasaidia kama kule aliko wamejaa sana, na shule za serikali nyingi wamejaa, kapitesheni, yaani pesa serikali inatumia shule, ya mtoto wa praimari ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima, hebu fikiria mwalimu mkuu anafanya nini na hiyo. Inasaidia pia kama kuna mwalimu amemwonea mtoto ama wenzake wanamcheka. Lakini kama shida iko kwa macho, kwa masikio ama kwa venye akili yake inafanya kazi, anahama nayo. Huko kupya anapoteza pia muhula mmoja wa kuzoea. Kila uhamisho ni sare mpya na mimi ndio napata hiyo pesa, bado nakwambia fikiria mara mbili.

Kitu kimoja tu cha kuhama ambacho watu hawakiangalii, ni yule mtoto ametolewa kwa dani yake, yaani nyanya yake, Siaya ama Homa Bay akaletwa mjini Gredi 3 ama 4. Huko alikuwa anafundishwa kwa Dholuo, hapa ghafla kila kitu ni Kiingereza na wenzake wanacheza kwa Kiswahili. Atanyamaza, atatazama dirisha, mwalimu ataandika hana umakini. Huyo haumwi chochote, hajaelewa tu, mpe muda na mtu wa kumfundisha lugha.

Sasa kupimwa. Watu wakisikia kupimwa wanafikiria mara moja kichwa, ati mtoto ako na akili pungufu, ataandikwa jina baya, atapelekwa shule ya walemavu. Hebu tuanzie chini kabisa. Macho. Masikio. Mtoto anayesogea karibu na televisheni, anayekunja uso akisoma ubaoni, anayenakili vibaya kutoka ubaoni lakini ukimsomea kwa mdomo anajibu vizuri, huyo pengine anahitaji miwani tu. Sikio likitoa usaha mara kwa mara tangu utotoni, kusikia kunapungua na mwalimu anaona kiburi.

Na sisi wa huku ziwani tuko na mambo yetu mengine. Malaria inarudi rudi, mtoto anakosa shule na damu inapungua, na mtoto mwenye damu kidogo anachoka na hamakiniki. Siko seli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, pia iko nyingi pande hizi za Nyanza na Magharibi, na mtoto wa siko seli anaweza kupata viharusi vidogo ndani ya ubongo bila mtu kuona dalili yoyote, hapoozi, haanguki, unaona tu umakini na kumbukumbu zinashuka na alama zinashuka nazo. Kama wako ako na siko seli na masomo yameanza kuteremka, usimlipie tuisheni kabla hujamwambia dokta wake wa kliniki.

Kuna pia kifafa kile cha kimya, mtoto anakodoa macho sekunde chache, ukimwita ama hata ukimgusa hashtuki, halafu anaendelea kama hakuna kitu kilitokea, na inaweza kuwa mara nyingi kwa siku. Yule anayewaza tu mambo yake ukimgusa bega anarudi. Hiyo tofauti mwalimu wa darasa anaweza kukusaidia kuiona, mwombe tu vizuri, mwalimu naomba uniangalizie hiki kitu wiki hii.

Hayo yote yakiwa sawa ndio tunafika kwa ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia ama kumakinika, na shida za kusoma kama disleksia, na hapa kuna milango miwili, watu wanaichanganya. Mlango wa elimu ni EARC, vile vituo vya tathmini vya wizara vilivyoanza 1984 kwa msaada wa Denmark, sasa viko kila kaunti. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako watakuelekeza, na uulize mapema kama kuna ada yoyote na siku gani wanaona watoto. Wao wanaangalia mtoto anajifunza vipi, anasoma kiwango gani, anaona na kusikia vipi, halafu wanaandika mapendekezo kwa shule. Faida ya hiyo karatasi ni kwamba shule inaiheshimu kuliko maneno yako wewe mzazi. Na mapendekezo mara nyingi si kuhamishwa shule, ni akae mbele, apewe muda zaidi, aulizwe kwa mdomo.

Mlango wa hospitali ni dokta wa watoto ama wa magonjwa ya akili, kwa hospitali kubwa ya rufaa kama JOOTRH, ile sisi tunaita Russia. Huko ndio wanaweza kusema hii ni ADHD ama siyo. Usitarajie kipimo cha damu ama picha ya kichwa ya kuionyesha, haipo, wanauliza maswali mengi, wewe na mwalimu. Dalili ziwe zimekaa angalau miezi sita, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya mahali pamoja, yaani si shuleni pekee. Mtoto anayesumbua darasani tu na nyumbani, kanisani na kwa dani yake ametulia, hapo angalia darasa kwanza. Na usidhani ADHD ni lazima aruke juu ya viti, kuna ile ya kutulia tuli huku akili iko mbali, na wasichana wengi wako hapo, hawasumbui mtu kwa hivyo hakuna anayewaona mpaka wafike gredi za juu wameanguka. Dawa ziko, kama methylphenidate, zinatolewa na dokta na kufuatiliwa, na kwa mtoto wa chini ya miaka sita wanaanza na kumfundisha mzazi namna ya kumwongoza kabla ya dawa yoyote. Maombi endelea nayo, hayagongani na kliniki.

Ubaya wa kupimwa nao nisiufiche. Ni polepole. Utaambiwa rudi wiki ijayo, utapoteza siku za kazi, na karatasi ikitoka haimfundishi mtoto kusoma. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani anaweza kuisoma akaiweka kwa faili. Ndio maana nasema kupimwa na tuisheni si vitu vya kuchagua kimoja, kimoja kinaonyesha shimo liko wapi na kingine kinalijaza. Tuisheni bila kujua shimo liko wapi unamwaga tu udongo.

Ukiziweka zote nne pamoja, kwa upande wa pesa bodingi inauma mara moja na kwa nguvu, tena shopingi na nauli za kumtembelea hazihesabiwi kwa karo. Tuisheni inauma kidogo kidogo kila mwezi mpaka unasahau umelipa ngapi, kuhama kunauma mwanzo tu, na kupimwa kunauma zaidi kwa muda na nauli kuliko pesa yenyewe. Kwa kuona mabadiliko, tuisheni ya kiwango sahihi unaweza kuona tofauti kwa kusoma ndani ya muhula, miwani unaona wiki ile ile, bodingi unaambiwa subiri mpaka mwisho wa mwaka na hujui ni nini kilifanya kazi. Na kwa kukosea, tuisheni ukikosea unaacha wiki ijayo, bodingi ukikosea mtoto ameshaumia na karo hairudi.

Kwa hivyo kama ningekuwa na mtoto wa Gredi 2 mpaka 6 sai, ningeanza macho na masikio, halafu EARC, na nikingoja niweke mtu wa nje nusu saa Jumamosi aanzie chini. Nyumbani maagizo moja moja, si "vua sare oga kula fanya homuweki" kwa pumzi moja. Wa Gredi 8 ama 9 aliyeanguka ghafla na zamani alikuwa sawa, hapo nisingeanza na umakini kabisa, ningeuliza kuna nini, marafiki, mapenzi, kifo kwa familia, bangi, mtu anamsumbua njiani, juu ADHD haianzi Jumatatu moja ukiwa na miaka 14. Na aliyekuwa nyuma tangu chekechea kwa kila kitu, kuongea, kutembea, kujifunga viatu, huyo usimalizie pesa kwa tuisheni, nenda EARC mwezi huu.

Nenda muhula wa kwanza kama unaweza, usingoje Novemba juu likizo walimu hawako wa kujaza zile fomu za maswali. Beba kitabu cha kliniki cha utotoni kama bado kiko, ripoti za zamani zote hata zile mbaya, na madaftari yake, na usimnunulie mapya ya kuonyesha watu, beba yale yenye kurasa zimeachwa nusu na herufi zimegeuzwa.